Barua kwa Zawadi: Twende Lisbon tukaione dhahabu yetu

Kilwa Masoko,
Jumapili, 9 Novemba

Mpenzi Zawadi,

Salaam nyingi kutoka huku kwetu. Mimi sijambo, Mama hajambo ila goti lile lile, na paka uliyeniachia kazaa kwa mara ya tatu. Barua yako imenifikia pamoja na chokoleti. Zilifika zimeyeyuka zote, tukazilamba hivyo hivyo kwenye karatasi. Asante, shoga yangu.

Sasa nijibu swali lako, maana umeniuliza kama mtu anayemuuliza mgonjwa: "Ulaya nzima hii, kwa nini Lisbon?" Najua ulitaka Paris, na najua unataka picha chini ya ule mnara. Lakini nisikilize kwanza.

Mwezi wa nane niliwavusha Kidato cha Pili kwenda Kisiwani, kwenye magofu ya Kilwa ya kale, watoto arobaini na wawili ndani ya mashua mbili, nusu yao wakitapika. Tukaanza na Gereza, ile ngome ya kale, tukapita Msikiti Mkuu, tukamalizia Husuni Kubwa, ikulu ya sultani wa zamani, kwenye lile bwawa la pembe nane. Nikawa naeleza kama ninavyoeleza kila mwaka: dhahabu ya Sofala ilipitia hapa, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika 1331 akausifu mji, Vasco da Gama akaja na merikebu zake za mizinga 1502, akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Nikawa nimeshageuka kuelekea 1505, Francisco de Almeida alipokuja kuuteka mji wenyewe, mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono. Huyo mtoto hajawahi kuuliza kitu darasani tangu Januari. Akasema, "Mwalimu, hiyo dhahabu iko wapi?"

Miaka kumi na moja nafundisha somo hilo, Zawadi, na mimi ni mzaliwa wa hapa hapa. Sikuwahi kujiuliza. Nikamjibu jibu la kivivu: "Waliichukua wakaenda nayo kwao." Akaitikia, akaandika kwenye daftari lake, "Waliichukua wakaenda nayo kwao." Nilipoyaona maneno yangu yameandikwa vile niliona haya.

Usiku nikaanza kutafuta kwenye simu. Ndio ule usiku niliokupigia saa tano kukuuliza kile chombo cha dhahabu anachokishika padre kina kazi gani, ukanicheka, ukanieleza kuwa ndani yake huwekwa Ekaristi ili waumini waione na kuiabudu. Sasa ujue sababu. Vasco da Gama alirudi Lisbon 1503 na ile kodi ya Kilwa, na mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru itengenezwe chombo hicho. Kazi ikakamilika 1506, na sonara anayetajwa ni Gil Vicente. Kina urefu wa sentimita 73 hivi, kama mtoto anayeanza kusimama dede. Ndani yake wamepiga magoti mitume kumi na wawili wadogo wadogo, wametiwa rangi mmoja mmoja. Na chini, kwenye kitako, yamezungushwa maandishi ya Kireno cha kale yanayosema kwamba mfalme alikitengenezesha kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina letu lipo, mwenzangu. Wameliandika kwa tahajia yao, linaanza na Q, lakini ni Kilwa hii hii ninayokuandikia mimi, yenye umeme wa kukatika na ngisi wa kukaanga.

Kwa hiyo haikupotea wala haikugeuzwa sarafu zikatawanyika. Imesimama ndani ya kioo, katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, kwenye mtaa unaoitwa Janelas Verdes, maana yake madirisha ya kijani. Mimi nataka nisimame mbele yake nilisome lile neno kwa macho yangu. Hilo tu. Mengine yote ya Lisbon ni nyongeza, ingawa nyongeza zenyewe ni tamu na nitakueleza.

Lakini kwanza tumalize la viza, maana hapo ndipo uliponichanganya. Umesema nije kwako Bremen, Ujerumani, wiki mbili, halafu twende Lisbon siku tatu. Hivyo hainifai. Utaratibu wa Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni kwamba unaomba viza kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Tukifuata hesabu yako, maombi yangu yanakuwa ya Ujerumani na safari nzima inakuwa ya kukutembelea wewe. Mimi nasema tuanze Lisbon siku nane, kisha Bremen siku tano. Hapo naomba Ureno, na nikiulizwa dirishani naenda kufanya nini nina jibu ambalo hakuna aliyewahi kuwapa. Maombi hayapokelewi safari ikiwa bado zaidi ya miezi sita, kwa hiyo kwa Juni mimi naanza Desemba. Ada ni yuro 90, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Wewe una kibali cha ukaazi, unapanda ndege yako tu. Kuna watu hawajui raha waliyonayo.

Wakala sitaki tena. Yule wa Dar wa mwaka juzi alikula laki tatu zangu akaniachia fomu iliyojazwa jinsia ya kiume. Safari hii najaza mwenyewe, na Mwalimu Mkuu keshaniahidi barua ya ruhusa.

Kwa nini Juni? Kwanza shule zimefungwa. Pili, na hili ni kwa ajili yako, usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni mji mzima wa Lisbon haulali. Ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni, yule yule wenu wa Padua, ambaye kumbe hakuzaliwa Padua bali Lisbon, na kanisa lake liko hatua chache kutoka kanisa kuu. Mitaa ya Alfama inapambwa makaratasi ya rangi, kila mlango una jiko la mkaa, na dagaa wakubwa wanaitwa sardinha wanachomwa mzima mzima na kuwekwa juu ya kipande cha mkate. Wewe mla samaki wa kuchoma, hapo hutoki. Na wanasema huyo mtakatifu ndiye wa kuombwa na wanaotafuta wachumba. Mimi simo, nimenyamaza.

Lililonivutia mimi katika sikukuu hiyo ni jingine. Siku hiyo watu hupeana vijungu vya mrehani, mrehani wa majani madogo madogo uliokatwa ukawa duara kama mpira, na juu yake wanachomeka ua la karatasi na kijishairi cha mapenzi. Na una adabu yake: hupeleki pua kwenye jani, maana wanasema mrehani utanyauka. Unauweka mkono juu yake taratibu, halafu unanusa kiganja. Nilipolisoma hilo nikamkumbuka bibi yangu alivyokuwa akitupiga vidole tukichezea mrehani wake wa kufungia vikuba, vile vishada vya kunukia. Nitakununulia kijungu kimoja. Kijishairi utajisomea.

Jina Alfama lenyewe ni la Kiarabu, la chemchemi na mabafu. Waislamu waliushika mji huo karne nyingi, mpaka 1147 Afonso Henriques alipouteka, na ngome iliyo juu ya kilima ilikuwa yao. Basi usishangae ukiona vichochoro vimejikunja kama vya mji wa kale wa Mombasa, watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Viatu vya kisigino acha Bremen. Njia zao za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyosuguliwa na nyayo za watu hadi vinateleza kama sahani, na mji wote ni kupanda na kushuka. Ile tramu ya njano namba 28 kila mgeni anaipenda, na wezi wa mifukoni nao wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Tutaipanda asubuhi sana au tutaacha.

Ukishuka chini bondeni mji unabadilika ghafla, mitaa imenyooka kama imepigwa rula. Hiyo ni kazi ya tetemeko. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako kanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ikatikisika. Waliokimbilia ufukweni wakaiona bahari imerudi nyuma, kisha ikaja juu yao, na nyuma yao moto ukawaka siku kadhaa. Kanisa la Carmo wameliacha bila paa mpaka leo, matao matupu na mbingu. Waziri wa mfalme, yule anayejulikana kama Marquês de Pombal, akaujenga mji upya, na ndani ya kuta zake wakaweka fremu ya mbao zilizopishana ili nyumba iyumbe isianguke. Inasemekana waliijaribu kwa kuwaamuru askari wapige kwata pembeni yake. Mimi nilipoiona picha ya hiyo fremu nilisema, ala, hii si nyumba ya babu Pande? Fito ndani, udongo nje.

Pale kwenye uwanja mkubwa ulioelekea mtoni, Praça do Comércio, ndipo ilipokuwa ikulu ya mfalme na pamoja nayo Casa da Índia, ofisi iliyopokea shehena zote za Afrika na India. Vyote viliangamia siku hiyo pamoja na makaratasi yake. Sasa fikiria, ofisi iliyotuhesabu imekwisha, na chombo chetu kipo.

Siku moja ni ya Belém, tramu namba 15 au treni ya kando ya mto. Pale kuna monasteri ya Jerónimos, kazi ya mfalme yule yule Manuel, ilianza 1501 au 1502 na ikajengwa kwa kodi ya asilimia 5 iliyotozwa kwenye biashara ya Afrika na Mashariki. Mfalme alipofariki aliiachia kwa wosia ile dhahabu yetu, ndiyo maana hata leo inaitwa Custódia de Belém. Na ukiingia tu kanisani, Vasco da Gama mwenyewe amelala hapo kwenye jiwe, mikono ameikutanisha kama anasali. Alifia Kochi, India, 1524, mifupa ikarudishwa baadaye. Umeniuliza nitafanya nini mbele ya kaburi lake. Nimefikiri sana. Nitamuuliza tu kwa heshima: babu, risiti yetu iko wapi?

Karibu na hapo kuna duka linalouza vile vikeki vya maziwa na kiini cha yai tangu 1837, unanyunyizia mdalasini. Foleni ndefu, lakini inatembea. Kwa chakula kingine usinihangaikie: kitongoji cha Mouraria kimejaa maduka ya Wabangladeshi na nyama ya halali, na sambusa zipo, wanaziita chamuça. Ijumaa kuna Msikiti Mkuu wao, uliofunguliwa 1985. Ile nyama ndani ya mkate wanayoiita bifana ni nguruwe, hiyo ni yako peke yako.

Halafu usijidai unajua Kireno kwa sababu ya mesa na bandeira. Najua utajidai. Meza, bendera, kasha, foronya, leso, parafujo, hata turufu unayonilaghai nayo kwenye karata, vyote vyao. Gereza lilikuwa igreja, kanisa. Nadhani mababu zetu walilitazama kanisa ndani ya ngome, wakaona ni nani anaingizwa na nani hatoki, neno likageuka lenyewe.

Na wewe usione Lisbon ni ya watu wa Kilwa tu. Lile daraja jekundu juu ya mto Tejo lilifunguliwa 1966 kwa jina la Salazar, dikteta wao wa wakati huo. Wakalibadilisha jina likawa 25 de Abril, kwa siku ile ya 1974 wanajeshi wao wenyewe, waliochoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, walipoipindua serikali, na watu wakawachomekea maua kwenye mitutu. Waliowachosha upande wa Msumbiji walifundishwa wapi? Nachingwea kwenu, kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, ambayo baba yako alikuwa akitusimulia tukimenya mihogo. Basi tutalivuka kwa treni, na picha yako utaipigia hapo, uachane na Paris.

Kazi yako sasa ni mbili. Tafuta chumba mapema, maana Juni bei zinapaa, na kisiwe juu kabisa ya kilima, goti la Mama nami nimelirithi. Pili, waandikie barua pepe wale wa makumbusho, kwa Kiingereza chako kizuri, uwaulize kama chumba chenye Custódia kitakuwa wazi siku zetu. Jumatatu hawafungui. Usikate tiketi ya ndege kabla hawajajibu.

Na uje na ile simu yako mpya. Yangu kioo cha kamera kimepasuka, na yule mtoto nilipomwambia nimekwisha kujua dhahabu iliko, hakushangaa wala nini. Kasema nimletee picha ya yale maandishi, kwa karibu, lile neno tu.

Mama anakusalimu sana.

Wako,
Somoe