Ahsante, ami wa Malindi

Wewe ami uliyekuwa umekaa barazani Malindi, hapa Unguja mjini, Jumapili, na msuli wako na kofia, jina lako sikuuliza. Msafara wetu wa baskeli ulitoka Forodhani, ukakata vichochoro vya Mkunazini, safari ya Bububu kula chakula cha mchana. Mimi nikabaki nyuma na pancha. Wenzangu hata kengele hawakuisikia.

Ukaleta karai la maji, ukauzamisha mpira mpaka mapovu yakaonyesha tundu. Ukaukwangua kwa msasa, ukapaka solusheni, ukaiacha ikauke kwanza (mafundi wengi hawana subira hiyo), ndipo ukabandika kiraka. Pesa ulikataa katakata.

Bububu nikawakuta ndo kwanza wanapakua wali wa nazi na pweza. Kiraka bado kimeshika. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, ami.