Mheshimiwa Waziri wa Nishati, tuchagulieni plagi ya kuchajia magari ya umeme mapema

Shikamoo Mheshimiwa. Nakuandikia toka Ng'ambo hapa Tabora, mimi ni fundi umeme wa magari, na ombi langu ni moja tu. Yeyote anayepewa kibali cha kuweka chaja ya magari ya umeme ya kulipia apewe na sharti la plagi ya kuweka.

Huku vijiweni watu wanabishana kama gari la umeme litaweza vumbi letu, wengine wanasema hawaachi Subaru zao kwa sababu ya mlio, sawa, ila gari lenyewe wala sio tatizo, mota inatoa nguvu toka tairi linaanza kuzunguka na oili ya injini humwagi. Shughuli iko kwenye kuchaji. Nissan Leaf ya Japani inachaji haraka kwa plagi inayoitwa CHAdeMO, gari la China lililotengenezwa kwa soko la kwao linatumia GB/T, la Ulaya CCS2, yaani CCS ya Ulaya, na Marekani Tesla wana yao ambayo mwaka 2023 Ford nao wakatangaza kuhamia. Halafu sio umbo tu linalotofautiana, maana chaja na gari lazima ziongee kwanza ndo umeme upite, CHAdeMO na GB/T zinaongea kwa CAN, ile njia ya mawasiliano ya kompyuta za ndani ya gari, CCS ina lugha yake nyingine kabisa, kwa hiyo habari ya kukata kichwa na kuunga kingine kama tunavyofanya kwenye waya wa pasi hapa haipo, volti ni kama 400 za DC, umeme wa moja kwa moja kama wa betri, mtu anakufa hivi hivi.

Na sisi Tanzania tunapokea ya kila upande, bandarini Dar yanashuka ya Japani na ya China. Tukiacha kila mwekezaji ajiwekee anachotaka, tutakuwa na chaja nzima, umeme upo, na gari limesimama pembeni halichaji. Ulaya waliliona hili mapema, mwaka 2014 wakaandika kwenye sheria yao kwamba chaja za umma ziwe na plagi ya Type 2 kwa umeme wa AC, huu wa kawaida wa majumbani, na CCS2 kwa ile ya haraka ya DC. Hata Nissan wenyewe, Ariya wanayouza Ulaya wameiwekea CCS.

Sasa hapa ndo naomba unisikilize vizuri Mheshimiwa, maana Tabora sio Dar. Leaf za mwanzo zina betri ya uniti 24, na kwa vipimo vya Marekani ikiwa mpya ilikuwa inaenda kilomita 117. Toka hapa hadi Nzega ni mia na ushee. Ile betri haina hata maji ya kuipooza, joto linaila taratibu, kwa hiyo ya mtumba ikifika Nzega ni kwa dua, na ikifika lazima ichaji. Chaja ya haraka ni ghali na inataka transfoma ya maana, nani ataiweka Sikonge au Urambo kwa magari mawili matatu? Lakini soketi ya AC ya ampea 32, fezi moja, inatoa kama kilowati 7, na Leaf yenye chaja ya ndani ya gari ya kilowati 6.6 inajaza kwa masaa kama manne. Mwenye gesti anaiweka, mwenye sheli anaiweka, dereva anakula wali anapumzika.

Ila iwe soketi ya Type 2 isiyo na waya wake, kila dereva aje na kebo yake. Kebo za Type 2 kwenda Type 1 ya magari ya Japani zipo, za kwenda GB/T ya AC zipo, kwa hiyo soketi moja inahudumia wote. Na zile za haraka za barabara kuu, CCS2 iwe lazima, anayetaka kuongeza mkono wa GB/T au CHAdeMO aongeze kwa hela yake. Wenye Leaf watanilaumu, najua, na ni wateja wangu, lakini hata kwa AC wanaondoka.

Umeme tunao, Bwawa la Nyerere lina megawati 2115. Naomba sharti hili liandikwe sasa wakati vituo ni vichache, na mtu anayeagiza gari la umeme aelezwe aina ya plagi yake kabla hajalipa.

Fundi umeme wa magari,
Ng'ambo, Tabora