Malalamiko kuhusu kuuziwa disko kwa jina la muziki wa dansi

Magomeni,
Dar es Salaam.
12 Agosti 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kuuza Tiketi za Burudani kwa Simu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA DISKO KWA JINA LA MUZIKI WA DANSI, JUMAMOSI 3 AGOSTI 2024

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekuwa mteja wa programu yenu ya simu tangu mwaka jana, na kabla ya usiku ninaouandikia barua hii nilikwisha kununua humo tiketi za taarabu mara mbili na za vichekesho mara moja bila kupata tatizo lolote. Ninaandika baada ya kupiga simu kwenu mara tatu na kujibiwa kwa namna ambayo, nikisema kweli, iliniudhi kuliko kosa lenyewe.

Mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 71, alikuja kutoka Morogoro pamoja na mkewe kwa ajili ya matibabu ya macho. Daktari alipomruhusu kurudi nyumbani, mzee aliomba jambo moja tu kabla ya kupanda basi: apelekwe dansi. Huyu ni mtu aliyekulia katika mji uliokuwa na bendi za Cuban Marimba na Morogoro Jazz, na ambaye katika ujana wake alimshuhudia kwa macho yake Mbaraka Mwinshehe akilipiga gitaa la solo, kwanza akiwa na Morogoro Jazz, kisha, kuanzia 1973, akiwa na Super Volcano. Mtu kama huyo akisema anataka dansi, hasemi neno la kubahatisha.

Nilifungua programu yenu, nikachagua Dar es Salaam, nikachagua Jumamosi, na katika orodha ya aina za burudani nikagusa mahali mlipoandika "Muziki wa dansi". Zilijitokeza kumbi sita. Uliotangulia, mlioupa nyota nne na nusu, ni wa upande wa Masaki, na maelezo yenu yalisomeka hivi: "Usiku wa dansi hadi majogoo, kuanzia saa 3 usiku." Nilinunua tiketi nne, zangu na mke wangu na za wageni wetu, kwa shilingi 25,000 kila moja, na juu yake mkakata ada ya huduma ya shilingi 2,000 kwa kila tiketi, hivyo simu yangu ikatokwa na shilingi 108,000.

Tulifika saa 3 kasoro dakika kumi. Geti lilikuwa limefungwa, na mlinzi akatueleza kwa upole kwamba watu huanza kuingia saa 5. Tukasubiri kwenye benchi la muuza chipsi ng'ambo ya barabara, mjomba akiwa amevaa shati lake la kitenge lililopigwa pasi na viatu alivyovipiga rangi mwenyewe jioni ile, kwa kuwa kizazi chake hakiendi dansi kama kinavyokwenda sokoni. Tulipoingia hatukuona jukwaa. Hapakuwa na ngoma, tumba, gitaa wala tarumbeta. Palikuwa na meza moja, kompyuta, na kijana mwenye hedifoni shingoni. Viti vyote vilikuwa vimetengwa kwa ajili ya walioagiza chupa za pombe kali, jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye tangazo lenu, na taa za kumetameta zilikuwa zikimpiga usoni mzee ambaye wiki hiyohiyo alikuwa mikononi mwa daktari wa macho. Alisimama kwa muda mrefu akiitazama ile meza, kisha akaniinamia sikioni na kuniuliza, "Mjomba, hawa wanafunga vyombo saa ngapi?" Nilishindwa kumjibu. Tuliondoka kabla ya saa 7.

Sina ugomvi na ukumbi ule wala na kijana aliyekuwa mezani. Alipiga amapiano, muziki uliotujia kutoka Afrika Kusini na ambao watoto wangu mwenyewe wanaupenda, na vijana waliokuwemo walikuwa wameufuata huo na waliupata. Lalamiko langu ni kwa kampuni iliyoniambia kwamba usiku ule ni wa muziki wa dansi. Nilipopiga simu Jumatatu, mhudumu wenu wa kwanza aliniambia hakuna marejesho ya fedha baada ya tiketi kukaguliwa mlangoni. Wa pili alikata simu. Wa tatu alinipa maelezo ambayo ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike: "Dansi maana yake ni kucheza, na ukumbini watu walicheza, kwa hiyo tangazo letu lilikuwa sahihi."

Ndugu Meneja, jibu hilo si sahihi. Ni kweli neno lenyewe limetokana na Kiingereza, na huenda aliyewatengenezea orodha yenu aliipata kwa lugha hiyo, akatafsiri neno kwa neno bila kumuuliza mtu yeyote wa Kinondoni au Temeke. Lakini neno hili lina karibu miaka mia moja mdomoni mwetu, na limekwisha kupata kazi yake. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa Juwata, baadaye OTTU, na leo watu wanaijua kama Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978, ikiwa na Muhidin Maalim Gurumo aliyetoka Juwata, na kwa mashabiki ikabaki kuwa Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo. Baada yao wakaja African Stars na Twanga Pepeta yao. Hao wote ni watu wa dansi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia ukumbini na kompyuta akaiita bendi.

Dansi, kwa Mtanzania, ni muziki wa bendi unaopigwa mbele ya macho yako. Wimbo huanza taratibu, waimbaji wawili watatu wakipokezana maneno yanayosikika moja moja, kwa sababu nusu ya raha ya dansi ni kusikiliza kisa. Kisha mpigaji wa solo huachiwa nafasi, tarumbeta zikajibu, na wimbo ukaingia kwenye chemko, hapo ndipo waliokuwa wameketi huinuka. Kwa hiyo ukumbi wa dansi una viti, kwa kuwa watu huja kusikiliza na kucheza kwa zamu. Muziki wa kuwekwa na DJ una jina lake la siku nyingi, nalo ni disko. Sherehe za watoto za sikukuu ya Idi tuliziita disko toto, na sijawahi kumsikia mzazi hata mmoja akiziita dansi toto.

Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu kosa lenu haliwaumizi wazee peke yao. Anayechagua mahali pa kwenda usiku katika jiji hili anachagua mambo mengi kwa neno moja. Akisoma taarabu, anajua atakaa, atavaa vizuri, na atabeba noti ndogondogo za kutunza. Akisoma singeli, anajua kwamba ni muziki wa vijana wa Tandale na Manzese, wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na kwamba asivae viatu vya kisigino. Akisoma dansi, anatarajia vyombo, jukwaa na jina la bendi. Kijana wa singeli mkimpeleka kwa jina lisilo lake kusikiliza rumba ya taratibu hadi usiku wa manane, atakuwa na haki ya kuwaandikia barua kama hii, pengine kwa lugha kali kuliko yangu.

Baada ya usiku ule nilizikagua kumbi zote sita mlizoziweka chini ya "Muziki wa dansi". Nne zilikuwa na DJ tu. Moja ilikuwa baa yenye runinga za mpira. Ya sita ilikuwa na bendi kweli, lakini mmeiweka mwisho kwa sababu ina nyota tatu, na nilipoyasoma maoni ya walioipunguzia nyota nikakuta wanalalamika kwamba "wanapiga nyimbo za zamani na hakuna DJ". Kwa maneno mengine, bendi imepunguziwa nyota kwa kosa la kuwa bendi, na watu waliotoa hukumu hiyo ni watu mliowapeleka nyinyi kwa jina ambalo wao walilielewa kwa maana nyingine. Bendi zetu zina shida ya kutosha ya kupata watazamaji bila programu yenu kuwafukuza wachache waliobaki. Hili limenisikitisha kuliko fedha zangu.

Kwa hiyo ninaomba, kwanza, nirejeshewe shilingi 108,000 zote, ikiwemo ile ada ya huduma, kwa kuwa huduma niliyoilipia ilikuwa ni kuchaguliwa ukumbi kwa usahihi na hiyo ndiyo iliyokosekana. Ninaomba pia nipewe risiti ya mashine ya kodi (EFD) ya malipo hayo, ambayo hadi leo sijaipata ingawa niliiomba kwenye simu ya kwanza. Kuhusu orodha yenu, ninaomba muitenganishe bendi na disko, na kila palipoandikwa dansi liwekwe jina la bendi itakayopiga, si jina la ukumbi tu, maana mpenzi wa dansi hufuata bendi na ukumbi kwake ni jambo la baadaye. Saa ya kuanza iwe saa ambayo muziki unaanza kweli. Na kama viti ni vya wanaonunua chupa, mseme kabla mtu hajalipa. Mzee wa miaka 71 hawezi kusimama saa mbili akisubiri vyombo ambavyo havipo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kuhadaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sikukusudia kuanzia huko, kwa kuwa ninaamini jambo hili linaweza kumalizwa mezani kwenu. Hata hivyo, nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka nakala yake kwenye ofisi za Tume pamoja na vielelezo.

Nimeambatisha picha ya tangazo lenu kama lilivyoonekana siku niliponunua, ujumbe wa malipo, tiketi nne, na picha ya orodha ya kumbi sita niliyoichukua Jumapili ya tarehe 4. Tangazo lile bado lilikuwepo jana jioni, likiwa na maneno yaleyale, kwa ajili ya Jumamosi ijayo. Ninaomba muanze na hilo.

Mjomba alirudi Morogoro Jumanne. Atakuja tena mwezi Oktoba kumwona daktari, na amekwisha kunionya kwamba safari hiyo ukumbi atauchagua yeye.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mteja, Magomeni