Mnana wa Mnazi wa Kisimani

Muheza,
Tanga.
Aprili

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana, na natumai hujambo wewe na wote hapo nyumbani. Sisi huku tu wazima. Mama miguu imepunguza kuuma, na masika yameshika kweli. Njia ya shambani ni tope tupu. Umeniuliza mbona nimekuwa kimya. Sikufichi: nimekuwa nikitazama minana, wale ndege wadogo wanaofuma viota.

Unaukumbuka ule mnazi mfupi wa kisimani? Mvua ilipoanza tu, wakaja. Siku ya tatu mti mzima ulikuwa kelele. Madume, manjano ya kuiva na vichwa vyeusi, wamegawana makuti, na anayevuka mpaka wa mwenzake anafukuzwa papo hapo. Nikasogeza kigoda barazani, na chai yangu ikapoa nisijue.

Laiti ungeona wanavyopata uzi! Dume anatua kwenye jani la mnazi, analikata kidogo ukingoni, anabana pale pale kwa mdomo, kisha anaruka. Jani linachanika lenyewe, naye anaondoka na utepe mrefu ukipepea nyuma yake. Kazi inaanza na pete, duara la kumtosha kusimama ndani. Akishaikaza, miguu haiondoki hapo: anafuma mbele, anafuma juu, na mwisho wa shingo yake kunyooka ndio mwisho wa chumba. Mwili wake ndio kipimo. Hana mkono, hana sindano, na mafundo yake mimi siwezi kuyafungua kwa vidole kumi.

Nyumba ikisimama, anajining'iniza mlangoni kichwa chini, anapigapiga mabawa na kupayuka kila jike anapopita. Huyo wa kuti lililo karibu na baraza nimempa jina Fundi. Siku ya kwanza alikuja jike, akaingia, akakaa ndani muda. Niliona kiota kikitikisika: alikuwa anavuta nyuzi moja moja, kama bibi anayepekua mkeka sokoni kutafuta palipolegea. Akatoka, akaenda zake. Fundi akaendelea kujining'iniza. Wa pili naye akakataa. Siku zikapita, kijani kikageuka hudhurungi, na majike hawapendi kiota kilichokauka. Asubuhi moja nikamkuta anakibomoa mwenyewe, uzi kwa uzi, mpaka kikaanguka. Mchana tayari alikuwa na pete mpya pale pale. Swahiba, nilisimama nikampigia makofi.

Wapo na vijana, rangi yao bado kama ya majike, nao wanajifunza. Viota vyao ni vurugu, nyuzi zinatokeza kila upande, vingine havifiki hata kuwa na dari. Hakuna jike anayevitazama, lakini hawachoki kufuma.

Mama hafurahi. Makuti ya juu yamebaki chelewa tupu, anasema watatuulia mnazi. Nimemwomba auache msimu huu, akakubali kwa shingo upande. Lakini jana nimemkuta amekaa kwenye kigoda changu.

Wiki iliyopita upepo uliangusha viota viwili. Nilisikitika, ila nikaona jambo ambalo sikulijua: maganda ya mayai ya kimoja yalikuwa ya buluu isiyo na doa, ya kingine meupe yenye madoa ya kahawia. Nikadhani ni ndege wa aina mbili. Kumbe ni hao hao. Kila jike ana rangi yake ya mayai, na hataibadilisha maisha yake yote. Yule ndege kekeo, mdogo wa kijani kinachong'aa, hupenda kutaga katika viota vyao ili wamlelee, na mama anayeyajua mayai yake hulitupa nje la mgeni. Tangu siku hiyo, kila jike akiingia kiotani, natamani kujua lake ni la rangi gani.

Nikakumbuka ulivyonisimulia hondohondo, wale ndege wa mdomo mkubwa wa msitu wa Amani, jike akijifungia ndani ya tundu la mti kwa udongo, dume akimlisha matunda kupitia kiufa chembamba. Wakati ule nilikusikiliza kwa adabu tu. Nisamehe. Sasa naelewa kwa nini mikono yako ilikuwa inacheza ulipokuwa unasimulia.

Na habari niliyoiweka mwisho makusudi: Fundi amekubaliwa! Juzi saa moja asubuhi jike aliingia, akatoka, akarudi na mashuke laini ya nyasi mdomoni, na ameyabeba mpaka jioni, anatandika. Fundi hakupumzika hata siku moja. Ameshafunga pete nyingine kwenye jani la pili, anatafuta mke mwingine.

Njoo kabla mvua hazijakatika, na ile darubini yako usiisahau. Kigoda cha pili nimeshakiomba kwa jirani.

Ni mimi swahiba wako,
wa barazani Muheza