Dola ya kipolisi siyo wingi wa askari barabarani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Siku hizi mtu akipigwa faini ya mwendokasi anasema tunaishi kwenye dola ya kipolisi, akikaguliwa begi mlangoni dola ya kipolisi, akiambiwa afunge mkanda dola ya kipolisi, halafu upande wa pili wapo wale ambao ukiwaambia jirani yenu kachukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha na hajulikani alipo wanakujibu kama hana kosa ataachiwa, we inakuhusu nini. Mi naona wote hao hawajui wanachokiongea, na huyu wa pili ndo ananitisha zaidi.

Askari aliyevaa sare yenye namba, akakusimamisha, akakuandikia karatasi inayosema kosa lako ni hili, na ukitaka unaenda mahakamani unakataa na hakimu anakusikiliza, huyo anaweza akawa anakuonea, anaweza hata akawa mla rushwa, lakini hapo bado una pa kushika. Dola ya kipolisi inaanza pale ambapo hakuna tena wa kumuuliza. Mke anaenda kituoni anaambiwa hatuna mtu wa jina hilo, anaenda kituo cha pili vilevile, wakili anarudishwa getini, na hakimu naye anaogopa.

Hilo la hakimu kuogopa sijalitunga. Septemba 1972 Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alifuatwa na watu wenye silaha palepale Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana, wafanyakazi wanaona, akatolewa akapakiwa kwenye gari na hakurudi. Huyu alishawahi kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyohiyo, na muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameamuru mtu aliyeshikiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria aachiwe. Kama Jaji Mkuu anabebwa namna hiyo kwa sababu ya kufanya kazi yake, mtu wa kawaida akimbilie wapi? Idara ya Idi Amin, mwanajeshi aliyekuwa anatawala Uganda wakati huo, iliyoogopwa kuliko zote iliitwa State Research Bureau, jina lilikuwa la utafiti lakini kazi ilikuwa kukamata, kutesa na kuua.

Kuna mzee namfahamu aliishi Kampala miaka ile. Mpaka leo gari ikipunguza mwendo karibu na dirisha anakatiza neno katikati, anasubiri ipite, ndo anaendelea, na Amin aliondoka 1979. Siku moja nikamuuliza sasa mlikuwa mnaongea nini nyumbani enzi zile, akaniambia tulikuwa tunaongea habari za mvua. Nikadhani ananikwepa, kumbe ndo jibu lenyewe hilo. Watoto wanaweza kurudia maneno kwa wenzao bila kujua, dada wa kazi anaweza kuulizwa maswali sokoni, shemeji naye huwezi kujua anatembea na nani, kwa hiyo mnakaa mezani familia nzima mnaongelea mvua, mwaka baada ya mwaka.

Watu wengi wakisikia dola ya kipolisi wanawaza vifaru na mabomu ya machozi. Nendeni mkasome habari za Ujerumani Mashariki, nchi ambayo barabara zake zilikuwa shwari kabisa. Idara yao ya usalama, Stasi, mwaka 1989 ilikuwa na waajiriwa kama 91,000 kwenye nchi ya watu milioni 16 hivi, lakini hao ndo wachache, kulikuwa na watoa habari wa siri wasiopungua 170,000, na hao hawakuwa mashushushu wa kwenye sinema, walikuwa majirani, wafanyakazi wenzako, makocha, hata wachungaji. Walikuwa wanafungua barua kwa mvuke, wanasoma, wanagundisha tena, inakufikia kama haijaguswa. Mtu akiitwa kuhojiwa wakati mwingine alikalishwa kwenye kiti chenye kitambaa, akiondoka wanakichukua kile kitambaa chenye harufu ya mwili wake wanakifungia kwenye chupa ya kioo, wanaandika alama yake, ili siku wakimtafuta mbwa anusishwe. Hebu tulia kidogo uwaze hilo, yaani harufu yako imekaa kwenye kabati la serikali na wewe umerudi nyumbani unapika.

Sasa nawarudia wale wa kama huna kosa. Januari 1988 mwanamke mmoja wa huko, Vera Wollenberger, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge, alikamatwa wakati anaelekea kwenye maandamano na bango. Kwenye bango aliandika nini? Maneno ya katiba ya nchi yake mwenyewe, ile ibara ya 27 inayosema kila raia ana haki ya kutoa maoni yake kwa uhuru. Akafungwa. Niambieni kosa lake lilikuwa lipi. Ukuta wa Berlin ukaanguka Novemba 1989, mafaili ya Stasi yakafunguliwa kwa wananchi Januari 1992, na huyu mama akakuta kwamba kati ya watu waliokuwa wanaripoti habari zake yumo mtu wa jina la siri Donald, na Donald ni mume wake, baba wa watoto wake. Mtu aliyekuwa analala naye kitanda kimoja! Mi hapo kila nikifika nashindwa kuendelea kusoma. Maombi ya wananchi ya kuona mafaili yao yamepita milioni 3, na nadhani wengi walikuwa wanaogopa jambo moja tu, kwamba watalikuta humo jina la mtu wanayempenda.

Kwa hiyo kosa siyo wewe unayeliamua. Linaamuliwa na mtu usiyemjua, kwa kigezo usichokijua, na kinaweza kubadilika wiki ijayo. Romania ya dikteta Ceaușescu ilitoa amri mwaka 1983 kwamba mwenye mashine ya kuchapa lazima awe na kibali cha polisi na kila mwaka apeleke mfano wa maandishi ya mashine yake, ili karatasi yoyote ikiokotwa mahali wajue imechapwa na nani. Kumiliki mashine ya kuchapa! Mwalimu anayetunga mitihani, karani, mwandishi wa mashairi, wote wanapanga foleni kituoni na hawajamkosea mtu yeyote.

Na jambo jingine ambalo watu hawalielewi kabisa ni kwamba unaweza kuishi humohumo ndani ya dola ya kipolisi na usiihisi. Angalieni Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1963 bunge lao lilipitisha sheria ya kumweka mtu ndani siku 90 bila mashtaka, na bunge zima aliyepiga kura ya kuipinga ni mmoja tu, Helen Suzman. Wengine wote waliona ni sawa, ni kwa ajili ya usalama, itawagusa wakorofi tu. Siku 90 zikiisha mtu anaachiwa, anafika nje anakamatwa tena zinaanza upya. Mwaka 1965 zikawa siku 180, mwaka 1967 ikaja sheria ya ugaidi na hapo hakukuwa na kikomo tena. Yote hayo yalipita bungeni, yakachapwa kwenye gazeti la serikali, yakawa na namba za vifungu. Wakati huohuo mzungu wa kawaida alikuwa anaenda kazini, anamwagilia bustani yake, anaona polisi wake ni wapole na wanamwita bwana, na kilomita chache kutoka kwake mtu mweusi anakamatwa usiku kwa kukosa kitabu cha pasi, kile kibali ambacho watu weusi walilazimishwa kutembea nacho. Nchi moja, polisi walewale. Ukimuuliza yule wa bustani atakwambia kwetu mbona pametulia, na alikuwa anasema kweli kwa upande wake.

Ndo maana mtu akiniambia mbona mimi sijawahi kusumbuliwa, jibu hilo halinipi raha hata kidogo. Namuuliza je, ukikamatwa leo saa tano usiku kuna mtu analazimika kisheria kusema uko wapi? Kesho kuna hakimu anayeweza kuamuru uachiwe na akatiiwa? Na yeye hakimu atalala kwake usiku huo? Hayo maswali matatu yananiambia mengi kuliko kuhesabu askari barabarani. Na lipo la nne la nyumbani, nalo ni je, kuna neno ambalo ulikuwa unalisema zamani mbele ya watu na sasa hulisemi, na hakuna aliyekukataza? Mi nimejiuliza hilo na jibu langu halikunipendeza.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Mtu akikamatwa na muda wa kisheria wa kumfikisha mahakamani ukapita, basi kama ndugu zake wameridhia andikeni jina lake, siku aliyochukuliwa, mahali alipoonekana mara ya mwisho na kituo kilichokana kuwa naye. Kesho yake mrudie tena, na keshokutwa tena, hata kama ni mtu wa chama tusichokipenda, hata kama ni mtu ambaye wasomaji wenyewe wanasema amezidi mdomo, mpaka siku mtakayoandika kwamba amepatikana. Mistari miwili tu pale chini ya ukurasa wa pili inatosha.

Msomaji wenu wa siku nyingi