Barua kutoka Yuma: mabati na chumba changu

Yuma, Arizona
Januari 2023

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako wa kuomba pesa ya mabati nimeupata, na ule wa chumba pia. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na si zote zilikuwa zako.

Tumehamia Yuma, karibu na mpaka wa Meksiko, na trela letu tunamoishi. Mkataba hospitalini ni wiki 13 kama kawaida, zamu ya usiku. Msimu wa baridi mji huu hufurika wazee wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini wanaokuja na matrela yao kuota jua, ndiyo maana manesi tunatafutwa.

Sasa sikia. Nafasi kwenye kambi ya matrela niliilipia tangu Agosti. Nilichagua namba kwenye ramani yao: unaingilia nyuma na kutokea mbele, umeme wa ampea 50, kivuli cha mti. Nikalipa na ada ya ziada ili namba ile asipewe mwingine. Tumefika usiku, dada wa mapokezi ananiambia wamepewa mzee na mkewe, maana wao huja kila mwaka na mimi nilikuwa sijafika. Sisi tukapelekwa nyuma kabisa, ubavuni mwa mapipa ya taka. Nikatoa risiti. Akanionyesha maandishi madogo: ofisi inaweza kumhamisha mgeni yeyote. Basi ile ada nimelipia nini? Mpaka leo hakuna aliyenijibu, na meneja akiniona anajifungia ofisini.

Hapo penyewe ni mteremko. Tundu la maji machafu liko juu kuliko bomba la trela letu, kwa hiyo shemeji yako kila akimwaga tangi inabidi alinyanyue bomba kwa mikono, kipande kwa kipande, mpaka maji yaishe. Umeme ni ampea 30, wati 3,600. Ule niliolipia ni wati 12,000. Nikiwasha hita na mikrowevu pamoja, swichi inajikata, giza. Na asubuhi, ndiyo kwanza nimetoka zamu nimelala, lori la taka linakuja, linanyanyua pipa la chuma, linalitingisha juu kwa juu, linalitua kwa kishindo hadi vikombe vinagongana kabatini.

Lakini usidhani nimenyong'onyea. Trela ni futi 34 na hatudaiwi hata senti. Usiku ule mimi ndiye niliyeliingiza kinyumenyume, kati ya mapipa na nguzo ya umeme, kwa mara moja, bila kugusa kitu. Wazee wa Kanada walitoka na tochi wakapiga makofi. Mwambie Mama hilo.

Mwezi tuliolipia ukiisha tunahamia Imperial Dam, ardhi ya serikali, ng'ambo ya mto upande wa California. Dola 180 msimu mzima, 15 Septemba hadi 15 Aprili, na unaegesha unapopapenda, mradi uache futi 15 kati yako na jirani. Umeme hakuna, paneli za jua tunazo.

Kaka, nilikuwa nimelala macho kando ya yale mapipa ndipo ujumbe wako ukaingia. Chumba cha uani, cha dirisha la mwembe, mmempa mpangaji. Bila kuniuliza! Vigae nilivitia mimi, kitanda cha Bibi kimo humo, na unaniandikia kwamba "wewe si hupo". Neno hilo nilikuwa nimetoka kuambiwa na mtu wa ofisini. Kutoka kwako limeniuma zaidi. Nikifumba macho hapa naisikia Ngamiani yetu ya Tanga jioni, naisikia harufu ya kaimati za Mama Salma, na kila mara niko kwenye kile chumba.

Nusu ya pesa ya mabati nimetuma leo kwenye simu ya wifi, unajua kwa nini si yako. Nusu nyingine inakuja mpangaji akishahama. Mpeni mpaka mwisho wa Machi atafute pengine, yeye hana kosa. Baba Mdogo asiingilie. Na lile godoro jipya nililoleta mwaka ule msimwachie aondoke nalo.

Mama umwambie tunakuja Idi, mimi na shemeji yako. Asinunue samaki, nitanunua mwenyewe soko la samaki la Deep Sea.

Mdogo wako