Mchezaji wa Ishirini na Tisa: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Msimu wa 2025

Ndugu makocha, ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka kila mwaka niwaeleze chama chetu cha makocha wa soka la wanawake vyuoni Marekani kimefanya nini, kimetumia nini na kinaelekea wapi. La fedha nalimaliza hapa hapa: mweka hazina ameambatanisha hesabu zilizokaguliwa, hatudaiwi na mtu, na wanachama waliochelewesha ada wamekumbushwa mara mbili. Mwenye swali kuhusu gharama za safari na warsha amuulize yeye mkutanoni, asinivizie mimi kwenye korido. Nafasi iliyobaki nitaitumia kwa jambo moja, maana mwaka huu hatukuwa na jingine, hata pale tulipojifanya tunazungumzia mengine.

Jambo lenyewe ni namba 28.

Wenzetu wa Divisheni ya Pili na ya Tatu hawakuguswa moja kwa moja, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Magazeti yaliandika zaidi habari za fedha: dola bilioni 2.8 hivi za fidia kwa wanamichezo waliotangulia, na ruhusa kwa chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, kikomo kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Sisi wa soka la wanawake fedha hizo tunazisikia kwa mbali, kama ngoma ya karamu ambayo hatukualikwa. Kilichobisha hodi kwetu ni kipengele kingine. Zamani timu yetu ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na ufadhili wa masomo wa wachezaji 14, kocha akiugawa vipande vipande atakavyo, na kikosi aliweza kukijaza mpaka benchi likakosa pa kukalia. Sasa chuo kilichojiunga na suluhu kinaweza kumfadhili kila mchezaji, mradi wasizidi 28.

Kwenye karatasi hiyo ni neema. Mimi mwenyewe niliisifu katika mkutano wetu uliopita, na kumbukumbu za kikao zipo, sina pa kujificha. Nilichokisahau ni kwamba ruhusa ya kufadhili wachezaji 28 haimpi mtu fedha za kuwafadhili. Vyuo vingi vilipokea kikomo, neema ikapitiliza kwenda kwingine.

Kuna jambo la kuchekesha hapa, ingawa wengi wetu hatukucheka. Kwa miaka mingi wakuu wa michezo walikuwa wakituomba tuongeze wasichana kikosini. Hawakusukumwa na mapenzi ya soka. Futiboli ya Kimarekani inabeba wanaume wengi, na chini ya Title IX, ile sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, chuo kinatakiwa kuonyesha kwamba wanawake nao wanapata nafasi. Basi tukajaza. Msichana ambaye hangecheza hata dakika kumi kwa msimu alipewa jezi, viatu na kiti kwenye basi, na hesabu ya chuo ikakaa sawa. Mwaka huu wakuu wale wale walitujia na orodha mkononi, safari hii wakitaka tupunguze. Futiboli nayo imewekewa kikomo, 105. Kila mtu afanye hesabu yake mwenyewe hapo.

Sasa niseme tulivyopunguza.

Jaji hakuidhinisha suluhu mara moja. Mwezi Aprili aliirudisha kwa sababu hiyo hiyo ya vikomo vya vikosi, akitaka wale ambao wangepoteza nafasi zao wapatiwe kinga. Lakini wengi wetu hatukuwa tumemsubiri. Tulianza kukata tangu majira ya baridi ili tusibanwe dakika ya mwisho. Mimi nilikata Machi. Nilikuwa na beki wa kushoto, mwaka wa tatu, asiye na ufadhili, ambaye kwa misimu miwili dakika zake uwanjani zilihesabika. Mazoezi hakukosa. Alikuwa wa kwanza kubeba koni na wa mwisho kuokota mipira iliyopotelea nyuma ya uzio. Nilimwandikia barua pepe ya mistari minne. Nilijiambia kwamba tuko safarini, kwamba ni afadhali ajue mapema, kwamba maandishi yanazuia kutoelewana. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake.

Suluhu ilipopita Juni, ilikuja na ile kinga: mchezaji aliyeondolewa kwa ajili ya kikomo angeweza kurudi, au kwenda chuo kingine, bila kuhesabiwa ndani ya 28, chuo kikiridhia. Nikampigia simu. Alikuwa ameshahama. Alinijibu kwa adabu ambayo sikuistahili, akaniuliza habari za wenzake, kisha akasema ana darasa.

Ningeweza kuliacha hili nje ya taarifa rasmi. Lakini katika warsha za mwaka huu, kila nilipolisimulia, makocha waliokuwa wamekaa kimya walianza kusogeza viti. Mmoja alikiri kwamba alituma ujumbe wa simu. Mwingine alimtuma msaidizi wake. Mwingine alibandika orodha mlangoni na kwenda nyumbani. Sisi ni watu tunaojua kumfundisha msichana wa miaka 19 aukabili mpira wa kichwa bila kufumba macho.

Kwa hiyo kamati ya utendaji ilitumia sehemu kubwa ya mwaka kuandika mwongozo wa kikao cha kumwacha mchezaji. Ubishi mkubwa ulitokea mahali ambapo sikuutarajia. Wanachama kadhaa walisema: tangu ripoti ya mwanasheria Sally Yates ya Oktoba 2022 kuhusu unyanyasaji katika ligi ya kulipwa ya wanawake, tumeambiwa kocha asijifungie na mchezaji, na sasa mnatuambia tuongee naye ana kwa ana? Hoja nzito. Ripoti ile ilionyesha kwamba maovu ya ligi mizizi yake ilianzia kwenye soka la vijana, na sisi tumekaa katikati ya hizo mbili. Hatuwezi kujidai wageni. Tulikubaliana kwamba ana kwa ana si faragha. Kocha mkuu ndiye anayesema, kwa kinywa chake. Msaidizi mmoja yupo, ikiwezekana mwanamke. Mlango una kioo au uko wazi. Mchezaji anaambiwa mapema kikao kinahusu nini na anaruhusiwa kuja na mtu. Kisifanyike baada ya mechi wala wiki ya mitihani.

Halafu kuna sentensi ya kwanza. Wengi tumezoea kuanza na sifa: wewe ni mwenzetu, bidii yako tumeiona. Mchezaji akisikia hivyo tu anajua kinachokuja, na sifa zote zinamfikia zikiwa zimeshaoza. Mwongozo unasema anza na uamuzi: hutakuwa kwenye kikosi cha msimu ujao. Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mgumu kuliko kikao kingine chochote nilichowahi kukaa, na nimewahi kukaa kwenye vikao na mawakili.

Baada ya ukimya anauliza kwa nini, na hapo unahitaji sababu ambayo yeye mwenyewe anaweza kuikagua. Anson Dorrance, aliyefundisha wanawake wa Chuo Kikuu cha North Carolina kuanzia 1979 hadi alipostaafu Agosti 2024, akiwa na mataji 21 ya NCAA, alijulikana kwa kupima kila kitu mazoezini: mbio, kukabana mmoja kwa mmoja, ushindi katika mechi ndogo, na kila mchezaji akajua yuko nafasi ya ngapi. Wengi wetu tumeuiga utaratibu huo, au tumeiga karatasi ya ukutani tu. Maoni yangu ni kwamba namba zinamtendea haki mchezaji pale tu anapoziona kila wiki, akiwa bado ana muda wa kuzibadilisha. Namba anazoonyeshwa mara ya kwanza siku ya kuachwa ni sawa na mashahidi walioletwa mahakamani baada ya hukumu.

Na hata zikiwa wazi, angalieni mnapima nini. Baada ya ile simu ya Juni nilifungua daftari langu la mechi ndogo za wanne kwa wanne. Yule beki alikuwa na pasi chache za mwisho na mabao karibu hakuna. Lakini timu alizopangwa zilishinda mara nyingi kuliko timu za beki niliyembakiza. Nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, wiki baada ya wiki, kwa mkono wangu, bila kuyasoma.

Kikosi kidogo kimeleta na shida ya magoti, na hapa nitawasema. Toa makipa watatu kwenye 28, unabaki na 25. Mechi ya mazoezi ya kumi na moja kwa kumi na moja inataka wachezaji wa ndani 20. Wawili wakiumia, watatu wakiugua mafua, mmoja akiwa na mtihani wa maabara, umekwama hapo hapo. Kinachofuata tunakijua wote: mchezaji anayepona anaanza kuonekana amepona. Wanawake huchanika kano ya mbele ya goti, ile ACL, mara mbili au zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo ule ule, na anayerudi uwanjani kabla ya miezi tisa anajiweka katika hatari kubwa zaidi ya kuumia tena. Mwaka huu nimesikia makocha wakisema miezi saba kana kwamba ni sifa. Nguvu ya mguu uliofanyiwa upasuaji ipimwe dhidi ya mzima, neno la mwisho liwe la daktari, na kocha akae mbali na chumba cha vipimo.

Wakati huo huo kitu cha kwanza tunachokikata muda ukibana ni kupasha mwili. Naelewa kwa nini: sheria inatupa saa 20 kwa wiki ndani ya msimu, zisizozidi nne kwa siku, na siku moja ya mapumziko, na kila kocha anadhani mipira ya kutengwa ndiyo itakayompa taji. Lakini ule mpango wa kupasha mwili wa FIFA 11+ unachukua dakika kama 20 kwa jumla: mbio za taratibu, kisha mazoezi ya nguvu, mizani na kuruka, kisha mbio za kasi na kubadili mwelekeo. Hautaki kifaa chochote zaidi ya mpira na koni. Unataka tu mtu anayetazama magoti yasiingie ndani wakati msichana anatua chini, na asiyeangalia simu yake. Timu inayoufanya mara mbili kwa wiki bila kukosa ina kinga. Inayoufanya siku ambayo mkuu wa michezo amekuja kutazama haina.

Kwenye ratiba nina jambo moja jema. Tangu 2022 mechi za msimu wa kawaida huishia dakika ya 90, sare ikibaki sare. Waliolia kwamba soka limekufa wamezoea.

Nigusie wasichana wa sekondari, ambao hawamo katika chama chetu na hawana wa kuwasemea. Nafasi zikiwa 28 na potali ya uhamisho, ule mfumo wa wachezaji kuhamia chuo kingine, ikiwa wazi, kocha anamtazama msichana wa miaka 17 na mchezaji wa miaka 22 mwenye misimu mitatu ya chuo, na anamchukua wa pili. Simlaumu, nami nimefanya hivyo. Waliofaidika ni wanachama wetu wa madaraja ya chini. Mmoja kutoka Divisheni ya Tatu, ambako ufadhili wa kimichezo haupo kabisa, alitueleza kwamba kwa mara ya kwanza alipigiwa simu na wachezaji wawili wa kiungo ambao zamani wasingejua hata jina la chuo chake. Nawaomba wa Divisheni ya Kwanza mkimwacha mtu msiishie hapo. Mpigieni simu mwenzenu, mwambieni mchezaji huyu anafaa wapi na kwa nini, kwa ukweli, hata pale anapoelekea kwa mpinzani.

Kuhusu makocha wanawake, sina habari njema. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Leo hawafiki nusu. Chama kimeanza kuwakutanisha wasaidizi wanawake na makocha wakuu wazoefu, na waliojitokeza kulea walikuwa wachache kuliko waliotaka kulelewa. Fomu bado zipo kwa katibu.

Mkutanoni mtapiga kura mara mbili. Ya kwanza ni ya makamu mwenyekiti, kwani aliyepo amemaliza muda wake, na namshukuru kwa kuninyamazisha mara kadhaa nilipostahili. Ya pili ni azimio la kamati: mwanachama asimwache mchezaji kwa barua pepe, kwa ujumbe wa simu wala kwa kutuma mtu, na atakayefanya hivyo aitwe ajieleze mbele ya kamati. Wapo wanaoona chama hakina mamlaka ya kuingia ofisini kwa kocha, na wana haki ya kulisema hilo kwa sauti siku hiyo. Mimi nitapiga kura ya ndiyo. Likipita, nimeshamwambia katibu aweke jina langu la kwanza kwenye orodha ya watakaoitwa, kwa ile ya Machi.

Naomba kuwasilisha.